Saa ya Kumgeuza Mgonjwa

Kochi akiingia nyumbani kwako hakuwa anamsalimia mgonjwa kwanza. Alikuwa anakusalimia wewe unayeuguza, kwa jina lako, halafu anauliza umekula nini. Si kama umekula. Umekula nini. Ukianza kumweleza kwamba mgonjwa amekunywa uji nusu kikombe, alikuwa anainua mkono, ananyamaza, anangoja mpaka ukumbuke kwamba swali lilikuwa lako. Mara ya kwanza nilisimama pale mlangoni na kitambaa cha kufutia mate begani, nikajaribu kukumbuka nilichokula. Sikuweza. Nikaona aibu, halafu nikakasirika, kwa sababu mimi nikiona aibu lazima nikasirike.

Hilo jina la Kochi alijipa mwenyewe. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu aliyestaafu, mrefu, na koti la kijivu ambalo hakuwahi kulivua hata jua la mwezi wa pili likichoma mabati ya Kaptembwo, mtaa wetu wa Nakuru. Alikuwa amesomea mjini kozi fulani ya kuwasaidia watu kupanga maisha yao, akapewa cheti, na pasta wetu akatangaza kanisani kwamba huyu mama atakuwa akizungukia nyumba zenye wagonjwa wa kulala, ila si kwa ajili ya wagonjwa. Watu wakacheka. Yeye akasimama akasema hatakuja kumwosha mgonjwa wa mtu, wala kuleta unga, wala kutoa pepo. Akasema kochi wa mpira haingii uwanjani kupiga teke, anasimama kando na kumuuliza mchezaji anataka kufika wapi. Vijana wa ploti yetu ya nyumba za kupanga wakalishika hilo neno. Tangu hapo akipita ilikuwa ni "niaje, Kochi," naye anaitikia "poa" bila kutabasamu hata kidogo.

Huo ulikuwa mwaka wa 2007, na mama yangu alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Alipooza upande wa kulia na maneno yakamwishia siku hiyo hiyo. Mimi ni fundi wa nguo. Nilifunga kibanda changu, nikaileta cherehani nyumbani, nikaifunika leso, na juu ya leso nikapanga sufuria. Kazi yangu ikawa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asioze mgongo: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, na kuendelea. Ndugu yangu wa Eldoret alikuwa ananisaidia kwa simu. Ananipigia, ananishauri, anakata. Watu wakaacha kuniita Lydia, nikawa "yule wa mgonjwa." Na wacha niseme ukweli, kuna asubuhi nilimwangalia mama nikatamani mmoja wetu afe, na haikunisumbua sana awe nani.

Hilo nilimwambia Kochi wiki ya pili, nikingoja anikemee. Hakunikemea. Alifungua daftari lake akaandika, kisha akasema maneno aliyokuwa akiyarudia kila nyumba.

"Mgonjwa ni mmoja kwa nyumba, Lydia. Wakiwa wawili, nani atachemsha maji?"

Dawa yake ilikuwa saa moja. Kila Jumanne alikuwa anavua saa ya mkononi, saa kubwa ya kiume yenye mkanda uliochanika, anaiweka mezani, anakaa kwenye kiti cha pili kando ya kitanda, na kukufukuza. Uende popote, ufanye lolote, lakini usirudi na kitu cha mgonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na unaweza kudhani ni sheria nyepesi. Sisi tunaouguza hatuwezi. Saa yangu ya kwanza nilirudi na nepi za watu wazima, nikijisifu nimezipata kwa bei nzuri. Kochi aliangalia ule mfuko, akaielekezea saa kidole, nikatoka upya. Wiki iliyofuata nilikwenda kanisani. Nikarudi nimetulia, akaniuliza nilikuwa nikimwombea nani, nikasema mama. Kidole tena kwa saa.

Kwa jirani yangu, Mama Faith, ilikuwa kichekesho zaidi. Mzee wake alikuwa na sukari, amekatwa mguu, na Mama Faith alitumia saa yake ya kwanza kusimama nyuma ya dirisha la nyumba yake mwenyewe akichungulia ndani.

Mara ya tatu niliamua tu kutembea. Nikajikuta mjini, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, wa kilemba cheupe, ambaye nilikuwa nikinunua kwake zamani. Akaniambia, "Fundi, ulipotea wapi?" Sijui ni nini kilichonipata. Mtu kuniita fundi tu, nikaanza kulia juu ya kaunta yake. Mzee yule akajifanya anatafuta makasi, akafungua jora la kitambaa cha rangi ya zambarau, akaliacha mbele yangu nilishike. Sikununua kitu. Niliporudi mikono mitupu, Kochi alinishika viganja akavinusa. Kitambaa kipya kina harufu yake.

"Leo umetoka," akasema.

Hakuwa mtu wa kukubembeleza. Alikutaka useme ni nani mwingine anaweza kushika zamu, na ukisema hakuna, anakuuliza umemwambia nani. Alisimama kando yangu nikimpigia ndugu yangu simu, akanikataza kusema "nisaidie." Niliambiwa niseme, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni yako," halafu ninyamaze. Nikasema, nikanyamaza. Eldoret nako kukanyamaza. Kisha ndugu yangu akauliza afike saa ngapi, na akaja kweli, akajifunza kugeuza: mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unavuta pumzi, unageuza, unaweka mto nyuma ya mgongo. Hayo pia tulifundishwa na Kochi. Alijua kuliko manesi.

Sasa yale mengine, yaliyofanya watu waanze kumfungia milango.

Mbwa wa landilodi alikuwa hamwachi mtu yeyote apite bila kubweka. Kwa Kochi alikuwa anaingia chini ya gari bovu na kulala, na hatoki mpaka mama yule ameondoka. Hilo si kitu, mbwa ni mbwa. Lakini kulikuwa na jambo la kuaga. Akimaliza, Kochi alikuwa anamsogelea mgonjwa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kumwambia neno moja: "Tutaonana." Nyumba zote, kila Jumanne. Kisha siku moja akamwambia mzee wa Mama Faith, "Asante." Mama Faith alifikiri ni kwa sababu ya chai. Mzee akafa Ijumaa. Baadaye ikawa bibi kizee wa ploti ya pili, "asante," na wiki haikuisha. Wa tatu alikuwa kijana wa ajali. Basi wanawake wakaanza kusimama mlangoni wakitega sikio, na mimi mmoja wao, mpaka nisikie "tutaonana" ndipo ninarudi ndani. Mama Faith alisema huyo si kochi, huyo ni wa kusindikiza watu.

Mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza Kochi mwenyewe kwa nini anawaambia asante. Akasema ameuguza muda mrefu, na mtu akichoka kukaa unaona, basi yeye humshukuru kwa kukaa. Jibu la maana kabisa. Nililala nalo vizuri siku mbili.

Mgonjwa wa Kochi mwenyewe alikuwa mumewe, mzee wake, huko milimani Mau Narok. Alishuka na lori za viazi asubuhi na kupanda nazo mchana, na ikifika saa nane hakuna chai wala mazungumzo yaliyomzuia. Anasimama, anafunga vifungo vya koti, anasema mzee anangoja. Huyu mtu aliyetufundisha kuomba zamu hakuwahi kusema ni nani anayemshikia yake. Siku moja nilimshika nikamuuliza, sasa leo ni nani anamgeuza?

"Jumanne anajigeuza mwenyewe," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza tena, kwa utani, saa yake yeye huenda kuitumia wapi. Alichukua ile saa mezani, akaivaa, akatoka. Hakuna siku nyingine aliyowahi kuacha swali bila jibu.

Halafu ukaja mwezi wa kwanza, baada ya kura, majirani wakichomeana nyumba. Wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa. Ploti yetu ilihama kwa siku moja na nusu, magodoro vichwani, na Mama Faith akanililia niondoke. Niondoke na nani mgongoni? Mama alikuwa mzito na hawezi hata kunishika shingo. Nikafunga mlango, nikakaa. Ilikuwa Jumanne lakini sikuwa nikihesabu siku tena, moshi ulikuwa umeingia mpaka ndani ya mito. Saa nne, mlango ukagongwa. Nilichukua panga la jikoni.

Ni Kochi. Koti la kijivu, daftari, na viatu safi, aki ya Mungu viatu vilikuwa safi, na nje njia yote ilikuwa majivu na tope la maji yaliyomwagwa kuzima moto. Barabara zilikuwa zimefungwa, hakukuwa na lori lolote. Nikamuuliza amepitaje. Akasema, "Lydia, umekula nini?" Nikamwambia mahindi ya kuchemsha, ya jana. Akaitikia kwa kichwa, akavua saa, akaiweka mezani, na kuniambia niende. Nikamwambia ana wazimu, niende wapi? Akainuka, akashusha sufuria zangu moja moja sakafuni, akaivuta ile leso kutoka kwa cherehani.

"Hapo," akasema.

Akapita nyuma ya pazia kwa mama. Mimi nikakaa kwenye cherehani, nikachukua kipande cha shuka kuukuu nikaanza kushona foronya. Nilipokuwa nikikanyaga pedali, chini ya mlio wa cherehani, nikasikia nyuma ya pazia watu wawili wanaongea. Sauti moja ya Kochi. Ya pili ilikuwa ya mama yangu. Ile ya zamani, ya kabla, ya kuita watu waje kula. Nikasimamisha pedali. Kimya. Nikakanyaga, zikaendelea. Sikuweza kushika maneno, ila mama alikuwa akieleza kitu kirefu na akacheka katikati. Nilitaka kuvuta pazia na niliogopa. Basi nikashona. Nilishona foronya nzima, nikaifumua, nikaishona tena, nikilia, ili nisiache kumsikia.

Hakuna mtu aliyegusa mlango wetu siku hiyo. Kochi aliaga saa nane. "Tutaonana." Nilivuta pazia nikamkuta mama alivyo siku zote, mdomo umepinda, kimya, ila machozi yalikuwa yamemkaukia shavuni. Mambo yalipotulia nikauliza vijana waliokuwa wakilinda kona ya barabara kama walimwona Kochi akipita. Waliniambia siku hiyo hakuna mwanamke aliyepita hapo, mathe, tungemwona.

Mwezi wa nne, Jumanne moja ya mvua, Kochi akainama juu ya mama, akakaa hivyo muda, akasema, "Asante." Nilimrukia. Nilimshika mkono wa koti nikamwambia alirudishe hilo neno, aseme lile lingine. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alisubiri nimalize.

"Si mimi ninayeamua, Lydia," akasema. "Kaa naye."

Mama alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi, mkono wangu mmoja ukiwa chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga. Kochi hakuja tena. Sikumlaumu, sheria zake zilikuwa za nyumba zenye mgonjwa, na yangu haikuwa naye tena.

Haikuwa naye, lakini kitanda kilibaki. Na saa nne ikifika, ninainuka. Mwanzoni nilikuwa nikisimama tu katikati ya nyumba kisha ninakaa. Baadaye nikawa ninanyoosha shuka. Sufuria zikarudi juu ya cherehani, sijui ni lini. Wateja walikuja na vitambaa vyao wakaenda navyo. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, nikajikuta nimeinama juu ya kitanda, nimeingiza mikono miwili chini ya mto, nimevuta pumzi. Niligeuza. Nikaweka mto mwingine nyuma yake. Ndipo nikaogopa. Nikachukua jaketi nikaenda kutafuta lori la Mau Narok, kwa sababu mtu mmoja tu ndiye angejua la kuniambia.

Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Kwenye duka la kwanza niliuliza mama mmoja aliyekuwa akishona magunia ya viazi, ni wapi kwa yule mwalimu wa koti la kijivu, mwenye mzee mgonjwa. Akaacha sindano. Akaniambia nyumba ni ile ya mwisho kabla ya mashamba ya ngano, lakini mzee gani? Mzee alizikwa kabla yeye mwenye duka hajamzaa msichana wake, na huyo sasa yuko darasa la tatu. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu aliyewahi kuulizwa.

Mlango ulikuwa wazi. Nilifika saa sita kamili, najua, kwa sababu nilimkuta kazini. Kitanda cha mbao kando ya dirisha, shuka limevutwa vizuri, kikombe chenye mrija, taulo, kengele ndogo ya kuitia mtu. Kochi alikuwa ameinama. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga. Akavuta pumzi, akageuza. Mikono yake haikubeba kitu chochote nilichokiona, lakini mishipa ya shingo ilimsimama kwa uzito. Akaweka mto nyuma. Akanyoosha blanketi. Ndipo akaniona.

"Lydia," akasema. "Umekula nini?"

Nilitaka kukimbia. Ila sikumwogopa yeye. Nililoliogopa ni kwamba kila hatua ya mkono wake niliijua, niliifanya asubuhi ile ile kabla ya kutoka nyumbani, na miaka tisa kama yake niliiona mbele yangu, imetandikwa vizuri pale kando ya dirisha. Nikamuuliza:

"Na wewe, Kochi. Umekula nini?"

Akaanza kuniambia mzee amekunywa chai, lakini mkate ameukataa. Nikainua mkono. Nikanyamaza. Nikangoja. Yule mama mrefu alifungua mdomo, akaufunga, akatazama meko, akatazama meza, nikamwona akitafuta kichwani na hakuna kitu. Uso wake uliniuma. Nikamwambia anipe saa.

Aliivua polepole sana. Chini ya mkanda, ngozi ilikuwa imepauka. Nikaiweka mezani, nikakalia kiti cha pili, nikamwambia aende popote, na asirudi na kitu cha mgonjwa. Alitoka. Hazikuisha dakika kumi akarudi na chupa ya maziwa, akasema mzee huyapenda yakiwa ya leo. Nikaielekezea saa kidole. Aliiweka chupa chini, akatoka tena.

Tukabaki wawili, au nikabaki peke yangu, mtu aamue mwenyewe. Mto ulikuwa na shimo la kichwa. Niliweka kiganja kwenye shuka, pale penye ubavu, na palikuwa na joto, na siku hiyo Mau Narok haikuwa na jua hata la kuazima. Kisha nikainama kama alivyokuwa akiinama yeye, nikasema, "Asante." Mbao za kitanda zikalia. Blanketi likashuka taratibu, kuanzia kifuani mpaka miguuni, vile linavyoshuka mtu akiondoka chini yake, likabaki limelala bapa. Nikasema tena, mara ya pili, na hiyo haikuwa ya mzee yule. Hiyo ilikuwa ya mama yangu.

Kochi alirudi baada ya saa moja na zaidi. Viatu vilikuwa na tope mpaka vifundoni, mara ya kwanza kuviona hivyo. Mikono mitupu. Nikavishika viganja vyake nikavinusa, vilinuka ngano mbichi. Alikuwa akiangalia kitanda, juu ya bega langu.

"Amesumbua?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimemwambia asante."

Alisimama pale mlangoni, na mimi nikangoja anirukie kama nilivyomrukia, anishike jaketi aniambie nilirudishe neno. Alivua koti. Akalitundika kwenye msumari, na chini yake alikuwa mwembamba kuliko nilivyofikiria miaka hiyo yote. Nikawasha moto, nikachemsha viazi, nikavileta kwenye sinia moja na chumvi, na tukakaa na sinia katikati yetu, yeye akiwa amekipa kitanda mgongo. Saa ilikuwa bado mezani. Ilipofika saa nane, saa ya kumgeuza mzee, Kochi alikuwa anamenya kiazi. Aliitazama saa, akanitazama mimi, akaendelea kumenya.